Kufunga Intakula ya Mbele Kwenye Subaru ya Tabo Bila Gari Kuchemka: Mwongozo Kamili

Intakula ni kipoza cha hewa inayobanwa na tabo, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini. Maswali yanayotufikia kuhusu intakula inayofungwa mbele ya gari ni yale yale. Gari linatoa moshi mweusi. Linazimika dereva akiachilia mafuta kwenye makutano. Mshale wa joto unapanda kwenye foleni ya Mombasa Road, na kabla ya intakula kufungwa gari lilikuwa halina shida yoyote. Mara nyingi intakula yenyewe haina kosa. Kazi ilikatizwa pale mabomba yalipomaliza kufungwa, na hatua mbili zinazoamua kila kitu, yaani kupima uvujaji na kuelekeza hewa, hazikufanywa kabisa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa injini ya EJ20 yenye tabo, ile ya Forester na Impreza ambazo intakula yake hukaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Kama gari lako ni la aina nyingine, njia za mabomba zitatofautiana, lakini vipimo, majaribio na sababu ni zile zile.

## Je, gari lako linaihitaji?

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama PSI 12 (PSI ni kipimo cha presha), na Mombasa ni 14.7. Geji ikisoma PSI 13 hapa, tabo imeibana hewa zaidi ya mara mbili. Mombasa ingeibana kama mara 1.9 tu. Hewa ikibanwa hupata joto. Kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 na hewa ya nje ya nyuzi 25, hesabu inaonyesha hewa ikitoka kwenye tabo na nyuzi 109 hivi Mombasa, na 124 Nairobi.

Hewa ya moto hufanya petroli iwake kabla ya wakati wake, na injini ikaanza kugonga. Injini hizi za Japani zilipangwa kwa petroli ya okteni (uwezo wa kuhimili kugonga) ya juu kuliko super ya kawaida ya hapa, kwa hiyo nafasi ya kosa ni ndogo. Zikigonga sana, kingo zinazoshika ringi za pistoni hupasuka, na hapo unanunua injini.

Hata hivyo, gari lenye presha ya kiwandani linalozunguka mjini tu halipati faida kubwa kwa intakula ya mbele. Osha iliyopo, badilisha raba inayoziba kati ya tundu la boneti na intakula, na utaona tofauti. Intakula ya mbele hulipa kwa gari linalopanda milima likiwa na mzigo, au lililoongezwa presha na mtu anayejua kupanga kompyuta ya gari.

Na kama gari tayari linachemka, acha. Intakula ya mbele huwekwa mbele ya rejeta. Italiongezea ugonjwa.

## Vifaa

Andaa vyote kabla ya kufungua boliti ya kwanza. Gari lililovuliwa bampa likikaa gereji wiki moja likisubiri klampu, mambo mengi hupotea.

- Intakula ya mapezi ya alumini, karibu milimita 550 kwa 230 kwa 65. Zile za 600 kwa 300 kwa 76 zinavutia macho, lakini huziba rejeta na kuongeza ujazo ambao tabo ndogo ya Forester lazima iujaze kila ukikanyaga mafuta.
- Mabomba ya alumini ya milimita 57 au 63, yenye ukingo uliovimba kila mwisho. Bomba lililokatwa likabaki laini halishiki hosi. Litaruka siku ya kwanza ya presha.
- Hosi za silikoni zenye nyuzi tabaka 4. Angalau 2 kati yake ziwe za nundu, za kuunganisha sehemu inayotembea na injini na ile iliyoshikwa na bodi.
- Klampu za boliti, zile zenye umbo la T, 2 kwa kila hosi, na 2 za akiba.
- Bomba lenye mdomo wa kufungia vali ya kurudisha hewa (ile inayoachia hewa iliyobanwa ukiachilia mafuta), na hosi ya kuirudisha hewa hiyo.
- Kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ya ethilini glikoli na maji yaliyotoneshwa, yasiyo na madini. Mfumo mzima unabeba lita 7 hadi 8.
- Karatasi ya alumini ya milimita 1, sponji ngumu isiyonyonya maji, riveti, na vibanio vipya vya bampa.
- Geji ya joto la maji, au skana ya kusoma kompyuta. Baadhi ya Subaru zilizotoka Japani hazisomeki na skana ndogo za kawaida. Hakikisha inasoma lako kabla ya kulipa.
- Sensa ya joto ya kuchomekwa kwenye bomba la baridi, yaani linalotoka kwenye intakula kwenda kwenye injini. Umuhimu wake utauona hatua ya 10.
- Kifuniko cha bomba la PVC na vali ya tairi, kwa kifaa cha kupimia uvujaji.
- Stendi 2 za gari, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), soketi, grainda, miwani ya kinga.

Spea hizi zinapatikana Kirinyaga Road na Industrial Area. Ukinunua intakula iliyotumika, ingiza kidole ndani ya mdomo wake na ukitoe. Ukungu mwembamba wa oili ni sawa. Kidole kikitoka na chembe zinazong'aa, hiyo ilitoka kwenye injini iliyovunja tabo. Irudishe hata kama bei ni nzuri. Chembe hizo hazitoki zote kwa kuoshwa, na zikitoka baadaye zitaingia kwenye silinda zako.

## Hatua ya 1: Pima afya ya kupoza kabla ya kugusa bampa

Injini iwe baridi. Fungua vifuniko. Subaru za tabo zina viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo la juu, na havibadilishani nafasi. Cha tangi la juu hufunguka kwa presha ndogo zaidi. Fundi akivipishanisha baada ya kujaza maji, mfumo hautoi hewa inavyotakiwa, na gari huchemka bila sababu inayoonekana.

Kagua raba ya kila kifuniko. Maji matupu Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia ni presha: kifuniko kizima cha kama PSI 16 hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 119. Raba iliyopasuka inakurudisha 94, na feni ya Subaru huanza kuzunguka kwenye 95 hivi. Maana yake maji yanachemka kabla feni haijaamka. Kifuniko ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye kazi hii; weka vipya.

Washa gari, washa AC. Feni zote mbili zizunguke na zivute hewa kuelekea injini. Injini ikishapata joto, shika kona za chini za rejeta kwa uangalifu. Kona iliyo baridi kuliko nyingine imeziba kwa ndani.

Kisha angalia tangi la akiba msaidizi wako akishikilia injini kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Mapovu yanayoendelea kutoka bila kukoma ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya hedi. Mapovu yakiwapo, kazi ya intakula inaishia hapo mpaka gasketi itengenezwe.

Mwisho, liache gari liungurume limesimama dakika 15 AC ikiwa imewashwa, na uandike namba. Usitegemee mshale wa dashibodi. Mshale wa Subaru hukaa katikati kwa upana mkubwa wa joto, na ukiuona unapanda, maji yamekwisha kupita kiwango cha salama.

Imefanikiwa ikiwa: joto linacheza kati ya nyuzi 88 na 98, likipanda na kushuka kadiri feni zinavyowaka na kuzima. Tunza namba hizo; ndizo utakazolinganisha nazo mwishoni.

## Hatua ya 2: Vua

Toa waya wa hasi wa betri. Inua mbele, weka stendi chini ya sehemu zilizoandaliwa kwa jeki, usukume gari kwa mkono kuona kama limetulia. Hakuna mtu anayelala chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Vua bampa ukichomoa soketi za taa za ukungu kabla ya kuivuta. Usiguse mabomba ya gesi ya AC, hayahitaji kufunguliwa. Kama kuna sensa za mifuko ya hewa eneo la mbele, ziache mahali pake na usizigonge.

Toa intakula ya juu. Mdomo wa tabo ukibaki wazi, uzibe papo hapo kwa kitambaa safi cha rangi kali, chekundu au cha manjano, kisichosahaulika. Washa moja ya boliti ikidondokea ndani humaliza mapanga ya tabo sekunde injini inapowaka.

Mimina kilichomo ndani ya intakula ya zamani. Ikitoka zaidi ya kijiko cha chai cha oili, tafuta chanzo kwanza: ama sili za tabo zimechoka, ama mfumo wa kupumua wa injini umeziba.

## Hatua ya 3: Osha intakula mpya, ipime, ijaribishe

Mpya haimaanishi safi. Ndani hubaki vumbi la alumini la kuchomelea. Mimina kisafishio cha breki, tikisa, mwaga upande wa pili, rudia mpaka kinachotoka kiwe safi, kisha kausha kwa kompresa. Iache juani saa kadhaa.

Kabla haijapanda kwenye gari, ziba mdomo mmoja, tia upepo wa PSI 15 hadi 20 kupitia mwingine, na uizamishe kwenye pipa la maji. Uvujaji wa intakula za bei nafuu huwa kwenye mshono wa kona, pale sanduku la pembeni linapokutana na mapezi. Ukiuona sasa, unairudisha dukani. Ukiuona wiki ijayo, umeshaikata bimu ya bampa, ule mhimili wa chuma ulio nyuma ya bampa.

Sasa ishike mahali pake bila kufunga. Acha nafasi ya milimita 20 hivi kati yake na kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, mbele yake), na isiguse chuma chochote. Mtetemo hutoboa alumini polepole.

## Hatua ya 4: Bimu ya bampa

Hapa mafundi wengi huchukua njia ya mkato na kuiondoa bimu yote. Usikubali. Bimu ndiyo inayopokea kishindo kabla hakijafika kwenye chesisi na miguu ya walio mbele. Baadhi ya seti huja na bimu yake nyembamba. Hizo ndizo bora. Kama yako haina, kata sehemu ndogo tu inayozuia, kisha fundi bodi achomelee bamba la kuimarisha nyuma ya mkato. Paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Honi huenda zikahitaji kuhama. Mdomo wa honi utazame chini, usijae maji ya mvua.

## Hatua ya 5: Mabomba

Kwenye EJ20 tabo iko nyuma upande wa kulia, upande wa dereva kwa magari yetu. Kwa kawaida bomba la moto, linalotoka kwenye tabo, hushuka kulia hadi kwenye intakula, na la baridi hupanda kushoto, kupita karibu na betri, hadi kwenye throto, mlango wa hewa ya injini. Panga yote bila kukaza, kisha ukaze kuanzia tabo kwenda mbele.

Futa kila mdomo wa bomba na ndani ya kila hosi kwa spiriti. Oili kidogo tu inatosha kuiachisha hosi chini ya presha. Usipake grisi ili hosi iteleze. Inayoteleza kuingia huteleza kutoka. Maji yenye sabuni kidogo yatasaidia, nayo hukauka.

Hosi iingie kwenye bomba angalau milimita 25. Klampu ikae nyuma ya ukingo uliovimba, si juu yake. Kaza kwa toki ya karibu 8 Nm. Ukikaza mpaka silikoni iminyike na kutokeza kwenye kingo za klampu, umeikata kwa ndani.

Kisha fanya jambo linalosahaulika: weka gia, shika breki, msaidizi aachie klachi kidogo kidogo huku wewe ukitazama kutoka pembeni, si mbele ya gari. Injini itainama. Kwa gari la otomatiki, weka D na ukanyage mafuta kidogo tu breki ikiwa imeshikwa barabara. Lifanye jaribio hili baada ya hatua ya 9, maji yakiwa yamejaa, lakini acha nafasi yake sasa: angalau milimita 15 kati ya bomba na mikanda, feni, au waya wowote. Hosi za nundu ziwe pale mwendo huo unapotokea.

## Hatua ya 6: Vali ya kurudisha hewa

Kompyuta ya EJ20 hii huhesabu hewa kwa sensa iliyo karibu na sanduku la chujio, kabla ya tabo. Hewa ikishapita pale, petroli yake imeshapimwa. Ukifunga vali inayopiga chafya nje, hewa iliyohesabiwa inatupwa, petroli yake inabaki, na injini inakohoa moshi mweusi na kuzimika kila unapoachilia mafuta. Huo ndio ugonjwa wa Subaru nyingi zenye sauti tamu mjini.

Rudisha hewa kwenye bomba la kuingilia tabo, baada ya sensa. Hosi ndogo ya vakyumu (mvuto wa hewa) inayoiamuru vali itoke kwenye manifoldi, mabomba ya kugawa hewa kwa silinda, nyuma ya throto, isiungane na hosi nyingine njiani. Na kama ni ngumu kama plastiki, weka mpya.

## Hatua ya 7: Pima uvujaji kabla ya kuwasha

Kifaa chenyewe unakitengeneza kwa dakika 20. Pima kipenyo cha hosi inayotoka kwenye sanduku la chujio kuelekea tabo. Nunua kifuniko cha PVC kinachoingia ndani yake, mara nyingi cha inchi 3, toboa tundu la milimita 11.5 katikati, na uvute vali ya kawaida ya tairi kutoka ndani hadi ikae. Kifunge kwa klampu kwenye hosi hiyo, baada ya sensa ya hewa. Gia iwe huru.

Kuna mirija ya kupumua ya injini inayoingia kwenye bomba hilo hilo. Ichomoe na uzibe matundu yake kwenye bomba. Usipoiziba, upepo utaingia ndani ya injini na kusukuma sili za oili nje.

Tia PSI 5. Simama pembeni, usikae mbele ya kifuniko. Kikiruka kina nguvu ya kuvunja jino. Sikiliza. Ongeza hadi 10, kisha 15, na usipite presha ambayo gari lako hutumia. Nyunyizia maji ya sabuni kila kiungo, kila mshono, na shina la vali ya kurudisha hewa.

Geji haitasimama, na hilo linawatisha wengi bure. Upepo hupita kwenye vali za silinda zilizo wazi na kutokea ekzosi. Ukisikia mlio mkubwa kutoka kule, zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kidogo kwa soketi ya 22 kuelekea saa inavyozunguka, ujaribu tena. Unachotafuta ni mapovu kwenye viungo.

Mapovu madogo kama povu la maziwa ni klampu isiyokaa sawa. Ifungue yote, ipange upya, usiikaze tu. Puto kubwa moja linalovimba na kupasuka ni hosi iliyopinda au iliyochanika.

Imefanikiwa ikiwa: kwenye PSI 15 hakuna povu popote, na unachosikia ni mlio wa ekzosi peke yake. Toa upepo, rudisha mirija ya kupumua, ondoa kifuniko.

## Hatua ya 8: Elekeza hewa

Hii ndiyo hatua inayotenganisha gari linalopoa na linalochemka.

Hewa ni mvivu. Ikikuta intakula, kondensa na rejeta zimepangwa mbele yake na upenyo wazi pembeni, itapita kwenye upenyo. Kwenye mwendo wa kasi unapoteza sehemu ya upoozaji. Kwenye foleni ni mbaya zaidi: feni inavuta hewa kutoka popote, na iliyo karibu ni ile ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta, inayorudi mbele kupitia pembeni. Rejeta inapozwa kwa pumzi yake yenyewe.

Kata karatasi za alumini zifunge pande zote kuanzia mdomo wa bampa hadi kingo za rejeta: kushoto, kulia, juu na chini. Zishike kwa riveti, na kila mahali chuma kinapokutana na kingine weka sponji ngumu ibanike. Kingo za kuelekea mapezi zikunjwe, zisikate. Ile plastiki ya chini ya injini ambayo mafundi huitupa, irudishe. Ndiyo inayosaidia hewa ya moto itoke kwa chini gari likitembea.

Sasa nambari ya gari. Lazima iwepo mbele na isomeke, lakini ikifungwa katikati ya mdomo wa bampa inaziba sehemu nzuri kuliko zote. Ihamishie juu au chini ya mdomo, palepale mbele. Taa kubwa za ziada nazo zihame.

Tundu la boneti limebaki bila kazi yake ya zamani. Ukikaa zaidi kwenye foleni, liache wazi: joto la tabo litapanda na kutoka. Kama gari ni la safari ndefu, lizibe kwa chini kwa bamba, maana kwenye kasi hewa inayoingia pale inashindana na ile inayotaka kutoka nyuma ya rejeta. Kwa gari la Nairobi, tungeliacha wazi.

Jaribio: injini ikiwa na joto, feni zikizunguka, gari limesimama, washa kijiti cha udi na ukipitishe polepole kwenye kila mwanya, mbali na mirija ya petroli. Mbele ya mdomo wa bampa moshi uvutwe ndani moja kwa moja. Ukiona moshi unapeperushwa nje pembeni, au unavutwa kutoka upande wa injini kuja mbele, hapo pana pengo. Lizibe, rudia. (Kwa kuwa injini lazima iwake, fanya jaribio hili baada ya hatua ya 10, bampa ikiwa imerudi.)

## Hatua ya 9: Kulanti

Mwaga ya zamani kwenye beseni, si mtaroni; ni tamu na inaua mbwa na paka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima yana madini yanayojenga magamba ndani ya rejeta.

Inua mbele ya gari kidogo. Fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta. Jaza polepole kupitia tangi la juu mpaka kulanti itoke kwenye skrubu bila povu, kisha ifunge. Washa, hita iwe kwenye moto wa mwisho, na uminye mipira ya rejeta mara kwa mara. Feni zikishawaka na kuzima mara 2, acha ipoe kabisa, kisha ongeza.

Imefanikiwa ikiwa: hita inatoa hewa ya moto isiyobadilika. Ikitoa moto kisha baridi, au ukisikia maji yakibubujika nyuma ya dashibodi, bado kuna hewa ndani.

## Hatua ya 10: Soma namba

Injini ikiunguruma na joto lake la kawaida, tazama marekebisho ya petroli kwenye skana, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Kati ya -8 na +8 ni salama. Yakiwa +12 na kuendelea wakati wa mngurumo, injini inafyonza hewa isiyopimwa. Yakiwa sawa kwenye mngurumo lakini moshi mweusi unatoka ukikanyaga mafuta, hewa inatoroka chini ya presha. Kwa hali zote mbili, rudi hatua ya 7.

Joto la hewa unaloliona kwenye skana ya EJ20 hii linatoka kwenye sensa iliyo kabla ya tabo. Halikuambii chochote kuhusu intakula. Ndiyo sababu ya sensa ya pekee kwenye bomba la baridi. Barabarani, ukiwa kwenye presha, hewa hiyo iwe juu ya joto la nje kwa nyuzi 10 hadi 20. Ikipita 30 gari likiwa linatembea vizuri, hewa haipiti kwenye mapezi. Rudi hatua ya 8.

Usiongeze presha siku hii. Kompyuta ipangwe upya na fundi mwenye vifaa vya kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli na kugonga kwa injini, baada ya gari kuthibitika.

## Hatua ya 11: Foleni, kisha mlima

Foleni kwanza, kwa kuwa unaweza kusimama. Ingia Outer Ring Road jioni AC ikiwa imewashwa, dakika 30. Linganisha na namba za hatua ya 1. Nyongeza ya nyuzi 2 au 3 ni kawaida. Joto likipita 102 na feni haziwezi kulishusha, zima AC, washa hita, egesha ukipata nafasi. Usifungue kifuniko: presha ile ikitoka ghafla, kulanti itachemka yote kwa mkupuo na kukurukia usoni.

Likifaulu, panda kutoka Mai Mahiu hadi Rironi. Mlima ule ni mrefu, malori hukulazimisha kwenda polepole ukiwa kwenye gia ndogo, na hewa inazidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda. Maji yasipite 104. Oili, kama una geji yake, ni sawa kati ya 90 na 110. Ikifika 120, punguza mwendo. Ukifika juu, endesha taratibu dakika 2 au 3 kabla ya kuzima, ili oili na maji yaondoe joto la tabo. Oili inayosimama ndani ya tabo ya moto huungua ikawa makaa.

Likichemka mlimani lakini si kwenye foleni, shaka rejeta iliyoziba ndani au thamostati, vali inayofungulia maji kupita kwenye rejeta. Likichemka kwenye foleni lakini si mlimani, ni feni au mianya ya hatua ya 8. Yote mawili kwa pamoja, pamoja na mpira wa juu wa rejeta ulio mgumu asubuhi injini ikiwa baridi, ni gasketi ya hedi.

## Hatua ya 12: Kaza tena

Silikoni hulegea baada ya kupashwa joto na kupoa mara kadhaa. Kaza klampu zote kwa 8 Nm baada ya kilomita 50, tena baada ya 500. Kwenye ukaguzi wa pili vua kifuniko cha bampa au uchungulie kwa tochi pale mabomba yanapopita kwenye bodi, ukitafuta alama ya kung'aa kwenye alumini. Alama hiyo ni mahali bomba linasuguana na chuma. Kata raba ya mpira wa ndani wa tairi, ifunge pale, na usogeze bomba.

Badilisha oili kila kilomita 5,000, piga mapezi ya intakula kwa maji ya kasi ndogo kutoka nyuma kwenda mbele kila unapofanya hivyo, na uijulishe kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo kabla ya kukata bima inayofuata.